Assunta wa Pili

Ndani ya tramu ya Filadelfia, mwaka 1921, kwenye kiti cha mbele yangu, bibi mmoja wa Kiitaliano alimuuliza binti mjamzito aliyeketi kando yake, wala hawakuwa wakijuana, kama mtoto ameshapata jina.

"Akiwa wa kike, Dorothy."

"Dorothy! Siku hizi ukiita Dorothy mtaani wanakuja kumi." Hapo hakukosea, mmoja wao ni mtoto wangu mimi. "Na jina la mama mkwe wako umelitupa wapi?"

"Sikulitupa, mama. Nilimpa wa kwanza, Assunta. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ikamchukua."

Bibi akafanya ishara ya msalaba, lakini ulimi wake haukupumzika. "Basi huyu ndiye Assunta. Kwetu jina la marehemu haliachwi kaburini, hupewa anayefuata."

"Nimwite, 'Assunta, njoo ule,' halafu nibaki kutazama mlangoni nikimsubiri yule mwingine?"

"Utazoea, mwanangu. Mama yangu alizoea. Mimi nina jina la dada yangu aliyekufa."

Binti akamgeukia. "Na alipokuita, alikuwa anakutazama wewe?"

Bibi, ambaye tangu tupande hakuwa amefunga mdomo, aligeukia dirisha mpaka tramu iliposimama.