Wanane Wahasiwe, Abaki Mmoja

Benchi la kahawa la mzee Elinaza, njiani Kisongo, lilikuwa na wenyewe: Yoeli, aliyeitwa Karani kwa kupenda hesabu, Sadoki Redio, asiyejua kunyamaza, na Lengai, mfugaji asiyeyumbishwa. Siku hiyo Lengai alifika amenuna. Bwana Mifugo, Mwingereza, alikuwa amehesabu ng'ombe wa kijiji, akapata mia mbili na kumi, akasema wamezidi. Madume walikuwa tisa. Wanane waletwe kesho wahasiwe, abaki yule mkubwa wa jirani yao Ephraimu.

Karani, aliyekuwa na madume wawili, hakuona kosa. Mia mbili ni wengi, alisema. Redio akadai Waingereza wanataka ng'ombe wafanane kama magari. Baada ya kikombe cha pili akaapa kwamba wakimaliza madume watawageukia wanaume. Watu wakacheka.

Lengai hakucheka. Akawaeleza aliyoyaona malishoni: hata sasa dume wa Ephraimu huwafukuza wenzake, na ndama karibu wote wana baka lake jeupe usoni. Mwaka huu watatu wamezaliwa na miguu iliyolegea.

— Karani, wewe umehesabu vichwa. Kwa damu, hao mia mbili ni nyumba moja. Dume wangu mwekundu amezaa ndama wanne tu, lakini hao ndio wa damu nyingine. Simpeleki.

— Watakufunga.

— Wanifunge.

Naeku, mjane mwenye dume mmoja, aliyekuwa akipita na kibuyu cha maziwa, alikuwa amesimama akisikiliza. Akawaamkia shikamoo, kisha akauliza:

— Mitamba wetu ni binti za dume wa Ephraimu. Mwakani watapandwa na nani?

Karani akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Elinaza akainamisha birika, halikutoa kitu.

Asubuhi Lengai alifika mbele ya Bwana Mifugo mikono mitupu, akasema kupitia mkalimani kwamba dume wake haji. Askari akamtia pingu. Lengai aliogopa, hakuficha. Kisha akamwona Naeku akija, naye hakumleta dume wake. Nyuma yake alikuja Karani, amevaa koti la Jumapili, bila mnyama hata mmoja. Akajipanga pembeni ya Lengai, akanyoosha mikono yote miwili kwa askari.