Mama Hainuki na Sabuni Isiyonukia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni moto jikoni, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Hainuki, mpika sabuni aliyetutoka mwezi uliopita. Naam, Mama Hainuki mwenyewe, wa ile sabuni nyeupe isiyo na harufu yoyote.

Jina hilo lilitokana na utani. Binti yake wa pekee, alipokuwa mchanga, kila akioshwa kwa sabuni ya dukani alitoka vipele mwili mzima. Akibebwa na baba yake, fundi cherehani aliyependa kujimwagia manukato, ndiyo balaa zaidi. Mama akampokonya mumewe chupa. Yeye mwenyewe akaacha marashi yake ya waridi, akaanza kupika sabuni jikoni. Sufuria za harusi ziliungua zote.

Alipoipeleka sokoni, wanawake waliinusa wakakunja nyuso.

"Mama, mbona hainukii?"

"Wala hainuki! Kwani unataka kuoga au kujitangaza?"

Soko zima likacheka, na jina likaganda hapo.

Kisha akaja mwenye maduka makubwa. "Tia waridi kidogo tu," alisema, "nitaichukua yote." Fundi alikuwepo. Alimkonyeza mkewe akubali. Nani hapendi mteremko?

Mama akakataa. "Mwenye ngozi kama ya mwanangu ananiamini akiwa amefumba macho. Nikimdanganya mara moja, aende kwa nani?" Yule bwana akaondoka. Sabuni haikutiwa waridi siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii nilimtembelea fundi. Alinifungulia kabati la nguo. Magauni ya mkewe bado yananing'inia, mengi kayashona kwa mkono wake.

"Jirani yangu mjane ana shati la mumewe," aliniambia. "Akizidiwa analinusa, moyo unatulia. Mimi nimezika uso humu. Nimenusa kola, nimenusa kwapa. Patupu! Mke wangu kajiosha mpaka kaisha."

Alicheka, kisha kicheko kikamshinda.

Anamtamani, jamani. Anatamani hata kugombezwa. Anamkumbuka alipokuwa mchumba, akipita dukani kwake na waridi ikimtangulia mlangoni. "Angeniachia hata jasho," alisema.

Binti yake, ambaye sasa ndiye anayeendesha karakana ya sabuni, alimwonea huruma. "Baba, nikupikie kipande kimoja chenye waridi? Chako peke yako, mama hatakasirika."

Fundi alitaka. Hakunificha, alitaka sana. Lakini alimtazama mwanawe aliyekuwa amemwegemea begani, akamwuliza, "Nikishaogea hicho, mwanangu, wewe utaniegemea wapi?"

Kipande hicho hakikupikwa.

Kwa fundi, kwa binti, na kwa wote wa karakana ile: poleni sana. Tunalia nanyi. Mwenyezi Mungu ampumzishe mama yetu, aliyekataa kutudanganya hata kwa harufu nzuri.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nina ombi dogo. Leo, kabla hujaloweka nguo za mtu wako, linuse kwanza shati lake.