Mashine ya Opanyin Kwaku Dwumfuor

Nana mkuu wa ukoo, mama mjane, mafundi wa Suame na nyote mliokaa juani kwa ajili yetu, marehemu mzee wetu, Opanyin Kwaku Dwumfuor, alizaliwa Offinso siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1956, ingawa cheti kinasema Ijumaa tarehe 4 Mei, kwa sababu karani wa vizazi alikuwa likizo na aliporudi akaandika siku aliyorudi, na marehemu, ambaye jina lake la Kwaku hupewa waliozaliwa Jumatano, aliishi miaka sitini na minane akihofu kuwa ipo siku ataulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Alisoma hapohapo Offinso hadi mwaka 1971, Januari 1972 akapelekwa Suame Magazine, mtaa wa karakana wa Kumasi, kujifunza kukereza chuma, na mwaka 1979 akaajiriwa na kiwanda cha kupasua mbao, alikodumu miaka thelathini akipima kila kitu mara tatu. Tarehe 6 Juni 1981 alimwoa Ama Pokuaa wa Mampong, wakajaliwa watoto wanne, wa tatu akiwa Abena Dufie, aliyezaliwa Jumanne tarehe 3 Julai 1990 na kujua kushika spana kabla ya kijiko.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, miaka miwili baadaye kikauzwa kama chuma chakavu, na hapo ndipo ilipoanza mashine ambayo tangu Alhamisi mnanong'onezana ni ya nani. Marehemu alichukua kitanda cha msumeno wa magogo, skrubu ndefu za mashine ya plastiki, mota za kiwanda cha biskuti, na kompyuta ya mnada iliyoandikwa MALI YA SERIKALI, HAIUZWI, ambayo risiti yake aliitunza ndani ya Biblia, akaviunganisha yeye na Abena kwa miaka minane, hadi chuma kikawa kinajikata chenyewe kwa amri ya kompyuta, kikitoa gia za vinu vya mahindi.

Mwaka 2019 alikuja afisa wa kusajili mashine, akiwa na fomu inayouliza jina la mtengenezaji na nchi, marehemu akajibu, "Andika mimi, wa Offinso," afisa akasema, "Opanyin, fomu haina nafasi ya mtu," na baada ya kushauriana na simu yake akaiandikisha kama cherehani kubwa, na tangu siku hiyo cherehani ya Mama Pokuaa ilikaa mlangoni pa karakana, endapo angekuja mkaguzi.

Lakini hofu iliyomkondesha ilikuwa nyingine, kwamba akifa mashine itafunguliwa, itapimwa kwa kilo na kurudi ilikotoka, kwa kuwa kwa mila yetu mrithi wake, wa upande wa mama, ni Yaw Boamah, mwana wa dada yake, ambaye kazi yake, kama mjuavyo, ni kununua chuma chakavu. Kwa hiyo tarehe 10 Aprili 2021 alimpa Abena mashine mbele ya mafundi wawili, naye Abena, badala ya kutoa chupa ya shukrani palepale, maana zawadi isiyoshukuriwa mbele ya mashahidi haisimami, alisema, "Baba, bado inakosea nusu milimita, siwezi kushukuru kwa kitu kinachodanganya," na marehemu, kwa kuwa ndivyo alivyomfundisha, akarudi naye kwenye mashine.

Nusu milimita hiyo ilichukua miaka mitatu. Februari 2024 marehemu alianza kuumwa figo, Julai akalazwa, na kila aliyemtembelea aliulizwa kwanza kuhusu mashine, halafu ndipo akasalimiwa. Jumamosi tarehe 3 Agosti mashine ilikata duara lisilo na kasoro, na Jumapili Abena aliingia wodini na gia mkono mmoja na chupa mkono wa pili.

"Pombe hairuhusiwi hapa," alisema muuguzi.

"Si ya kunywa, Sista, ni ya mali."

"Mali gani inayokunywa?"

Alipoelezwa aliiandika kwenye daftari la vitu vya wagonjwa, kioevu, chupa moja, kisha akabaki kuwa shahidi, pamoja na mgonjwa wa kitanda cha pili. Wote walionja kwa kifuniko cha chupa, kikabaki cha Boamah, aliyeitwa kwa kuwa mrithi akinywa ameikubali zawadi, naye alikishika mkononi kwa muda mrefu, na marehemu hakukiondolea macho.

"Wofa, unaniangalia kama gia mbovu."

"Meza basi, mjomba wako amechoka."

Marehemu aliaga dunia Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi yule na daftari lake, majirani waliovumilia kelele za misumeno, na mafundi wa Suame waliofunga karakana leo. Wapo wanaosema kuwa wodi si mahali pa mashahidi, na mizani ya chuma chakavu iliyoletwa uani Alhamisi, naomba wenyewe waichukue, kwa kuwa anayewasomea haya ni Yaw Boamah, mrithi, na kile kifuniko alikimeza chote.

Wofa Kwaku, lala, mashine iko kwa Abena.