Rab Nawaz na Ukuta wa Makaburi

Asubuhi hiyo simu ya Rab Nawaz iliita kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kuosha matanki ya maji majumbani. Alikuwa benchini kwenye mgahawa wa chai wa Chacha Allah Ditta, nyuma ya kituo cha reli cha mji wa Multan, akairukia kama kuku aliyeona mtama. Kumbe manispaa! Tangazo lake alikuwa amelichora kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa makaburi, bila ruhusa ya mtu, na namba ya simu akaiandika kubwa, isomeke vizuri. Wakamwambia afute, na akirudia atashtakiwa. Sasa asipopata mteja kabla ya Ijumaa, anarudi kubeba magunia ya vitunguu kwa shemeji yake, na mdomo wa shemeji huyo haufungwi. Akawasimulia wenzake wa benchini.

— Wewe nawe! Mhalifu gani anaacha namba ya simu? alisema yule waliyemwita Wakili, ingawa kazi yake ni kuuza stempu nje ya mahakama.

— Sasa wateja wangenipataje?

— Ungeandika ya shemeji yako.

Redio, dereva wa rikisha asiyejua kunong'ona, akatoa lake.

— Msikitini si kuna kipaza sauti? Adhana ikiisha tu: "Enyi waumini, matanki yenu machafu!"

— Sheria inakataza kutangaza biashara kwa kipaza sauti cha msikiti, Wakili akasema. Unataka imamu alale ndani kwa ajili ya tope?

— Basi tumwandike tangazo ubavuni mbuzi wa Chacha. Anazurura mtaa mzima, anaingia mpaka jikoni kwa watu.

— Mbuzi wangu humwandiki, Chacha alisema, akikoroga maziwa. Ana heshima zake.

Wakili akasogea karibu, akashusha sauti.

— Mimi ningepanda kwenye mapaa. Kila tanki, njiwa mmoja mfu. Kesho yake mtaa mzima unakutafuta.

— Hilo si kosa?

— La njiwa. Mahakama itamwita njiwa.

Rab Nawaz akajikuta anawaza njiwa watapatikana wapi. Akajionea aibu.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na chupa ya chai mkononi. Ni Baji Tasneem, yaani Dada Tasneem, mwalimu mgeni wa shule ya wasichana, aliyetumwa chai ya walimu wenzake.

— Bhai, wewe ndiye unayeosha matanki?

— Ndiye mimi, baji.

— Na hili la mgahawa, hapo juu, lilioshwa lini?

Rab Nawaz akamtazama Chacha. Chacha akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe chake, akakiweka chini.

— Tanki hilo nililinunua likiwa jipya kabisa, Chacha alisema mwishowe.

— Mwaka gani?

Chacha akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Baji Tasneem akafunga chupa yake tupu, akageuka aende zake.

— Baji, ngoja! Chacha akazima jiko. Rab Nawaz, unangoja nini? Panda!

Akapanda. Kilichoanza kumwagika mtaroni Chacha aliomba kisitajwe. Kila aliyefika akauliza kulikoni, mbona leo hakuna chai, na Redio akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kituoni:

— Rab Nawaz anaosha tanki! La kwako wewe lilioshwa lini?

Watu wakarudi makwao wakitazama mapaa yao.

Kufikia adhuhuri Rab Nawaz yumo ndani ya tanki bado, tope magotini. Mke wa muuza nyama akasimama chini, mkono kiunoni.

— Rab Nawaz! Ukitoka humo unakuja kwangu. Usithubutu kuanza kwa jirani!

— Naja, baji! Naja!

Sauti ilitoka nzito kwa sababu ya tanki. Humo ndani hakuna aliyemwona akilia.