Bakuli la Santuri

Benchi la kijiweni lilikaa chini ya dirisha la Mzee Santuri, na dirisha hilo ndilo lililowakusanya wenye benchi. Mzee alikuwa na stirio ya zamani, spika mbili za mbao zinazomfika mtu kiunoni, na kila Jumapili alasiri alifungua dirisha, akapuliza vumbi, akashusha sindano, mtaa mzima ukapata haki yake. Chini pale walikuwepo Kinyozi, mwenye kibanda hapo hapo pembeni. Breki, dereva wa malori aliyestaafu kuendesha lakini si kubishana. Na Profesa, mlinzi aliyesoma magazeti ya watu mpaka akaamini ameyaandika yeye. Kahawa ilikuwa ya Mama Kahawa, na jiko la mkaa lake, na neno la mwisho mara nyingi lake pia. Lakini Jumapili hii dirisha lilikuwa limefungwa, kama Jumapili iliyopita na ile ya kabla yake, na Kinyozi kila akinywa funda moja alilitupia jicho. Roho haikutulia.

— Hapigi kwa sababu ya sindano tu, — Breki alisema. — Sindano imezoea njia yake. Chukua lori lililozoea mashimo, lipeleke kwenye lami nyoofu. Linayumba!

— Lako lilikuwa linayumba kwa sababu zako mwenyewe, — Mama Kahawa akamkata.

— Mama, mimi na pombe tuliachana zamani.

— Nani kataja pombe?

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Walijua wanachokikwepa.

Mke wa Mzee, ambaye kijiwe kizima kilimwita Shangazi, alifariki mwanzo wa mvua. Mzee alikuwa na santuri moja aliyoipenda kuliko zote, na santuri hiyo ilikuwa na mkwaruzo. Katikati ya wimbo, mwimbaji akimbembeleza mpenzi wake, sindano ilinasa: njoo, njoo, njoo. Hapo benchi lote lilinyamaza kusubiri. Zikasikika ndala kutoka jikoni, kisha sauti ya Shangazi: “Nakuja, nakuja! Wimbo unajua kuita kuliko wewe!” Akaisukuma sindano kwa kidole chenye maji ya vyombo, wimbo ukaendelea, na huku nje watu wakapaliwa kahawa kwa kucheka.

Baada ya msiba, Mzee aliendelea kuipiga. Ikifika pale inanasa. Njoo, njoo, njoo, na hakuna ndala. Aliiacha ikaita weee, mpaka Kinyozi akawa anaingia kibandani kwake na kuwasha mashine ya kunyolea bila kichwa cha kunyoa, asisikie. Jamani, inauma.

Basi wakaona wamsaidie. Breki alizunguka kwa wauza mitumba mpaka akaupata wimbo ule ule kwenye santuri safi, haina hata alama ya kucha. Kinyozi akaenda kumnyoa Mzee nyumbani, na Mzee akiwa kafumba macho, povu mpaka masikioni, Breki akabadilisha santuri ndani ya jalada. Walitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Ile ya zamani Kinyozi aliona vibaya kuitupa. Akailainisha juu ya jiko la Mama Kahawa, akakunja kingo zake kwa kitambaa, akaziba tundu kwa nta ya mshumaa. Ikawa bakuli. Sasa lilikaa katikati ya benchi, limejaa sukari, na kila mgeni alilisifia.

— Siyo sindano, — Profesa alisema, akikunja gazeti. — Ni sauti. Santuri mpya haijasikilizwa. Mwimbaji bado anaona haya.

— Aone haya ya nani? Si keshalipwa?

— Breki, wewe sikiliza. Ile ya zamani ilikuwa na yule jamaa akiwa mtu mzima. Hii mpya kaimba kabla hajaota ndevu. Ndiyo maana Mzee haitaki.

— Wimbo ni mmoja, Profesa! Siku moja, chumba kimoja!

— Mimi nilisikiliza siku ile ya kwanza alipoipiga hii mpya, — Mama Kahawa alisema. — Ilipita vizuri, laini kabisa. Lakini kama imepungua kitu.

— Enhe! Imepungua! — Profesa akasimama kabisa. — Mimi nina maoni yangu, msinicheke. Sindano inachimba, sivyo? Miaka yote ile inachimba. Basi inachora na ya nyumbani. Mlango ukilia, imo. Sufuria ikianguka, imo. Mtu akikohoa, imo. Ile santuri ya zamani ilikuwa na nyumba nzima ndani yake!

Breki alicheka mpaka akashika mbavu.

— Kwa hiyo na deni langu la kahawa limo?

— Na uongo wako wote!

Kinyozi hakucheka. Alikuwa akitazama bakuli. Sukari ilikuwa imeshuka, na chini kule karatasi nyekundu ya katikati ya santuri ilianza kuonekana.

Mlango wa Mzee ukafunguliwa. Alitoka binti yake, yule muuguzi anayefanya kazi mbali, amekuja kukaa na baba yake siku mbili tatu. Mkononi alikuwa na chupa ya chai.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Mzee anaendeleaje?

— Yupo. Nijazie kahawa, Mama. Tia na sukari, hajala tangu jana.

Mama Kahawa akachota kwenye bakuli kijiko kimoja, kisha kingine.

— Amesema niwashukuru, — binti aliendelea. — Aligundua siku ile ile. Anajua mlimtakia mema, na mimi nawashukuru sana, baba zangu.

— Aa, hamna shida, — Breki alisema, kifua mbele. — Sasa mbona haipigi?

Binti alifunga chupa, akaishusha chini.

— Anasema wimbo unapita tu. Unafika pale pa mama, unapita tu, kama vile mama hakuwahi kuwepo. Mnajua, ile ikinasa alikuwa anasubiri. Anasema alikuwa anajua hatakuja, lakini angalau alikuwa anamsubiri.

Profesa alikaa chini polepole. Kinyozi alitamani mtu yeyote aingie kibandani aombe kunyolewa.

— Usiku kucha anapekua majalada, — binti alisema. — Nimemwambia, baba, tulia, wale ni watu wako, hawawezi kuitupa. Nitaenda kuichukua.

Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu aliyefundishwa tangu utotoni namna santuri inavyoshikwa.

— Ile ya zamani iko wapi?

Breki alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Mama Kahawa, naye alikuwa bado ameshika kijiko. Kinyozi akalivuta gazeti lililokuwa mapajani mwa Profesa, akalifunika bakuli.