Kapteni Xaveri Mbonde na Barua Isiyo Yake

Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, saa tisa na nusu alasiri, Mhandisi Xaveri Mbonde, aliyekuwa Kapteni jeshini, anakabidhi funguo za gari na kofia ngumu baada ya kuzihudumia barabara za pwani yetu kwa miaka ishirini na tisa na miezi saba, kuanzia milima ya Umatumbi hadi Lindi. Leo hii ametimiza miaka sitini. Katika jalada lake zimo barua nne za kupandishwa cheo, tisa za pongezi, na moja ya onyo, ya Februari mwaka huu. Kamati ya sherehe imeniomba nisiitaje hiyo ya mwisho. Nitaitaja, ila kwa zamu yake.

Kwa mgeni anayetafuta mstaafu wetu ni yupi kati ya waliokaa meza kuu: hayupo kati ya waliokaa. Mtazame yule anayezunguka nyuma ya viti akikagua kamba za turubai. Kiti chake cha ofisini, kilicholetwa mwaka 2015, bado kina nailoni ya dukani. Vikao aliviendesha amesimama, akasaini barua amesimama, na chakula cha mchana, ugali na kisamvu alichofungiwa na mkewe, alikila akitembea ukumbini sahani mkononi. Vijana wa ofisi walimpa jina la Mzee Simama, akalijua, akaliitikia.

Alizaliwa Kipatimu, mahali ambapo masika yakikolea watu hupikia chumvi waliyo nayo mpaka njia ikauke. Alisoma shule ya misheni, akamaliza kidato cha sita, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kama ilivyokuwa lazima kwa wenzake wote, na huko wakamwona anafaa. Mwaka 1987, akiwa na miaka ishirini na mmoja na nyota moja begani, alivuka mpaka na kikosi cha uhandisi medani kwenda vitani Msumbiji. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wenzake pa kupita.

Habari za vita hazisimulii. Anasimulia moja tu, kwa kila mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, kwa dakika mbili. Aliamriwa kujenga daraja la magogo juu ya mto mmoja. Aliwauliza wanaume wa kijiji kama mto ule una matata, wakasema hauna. Wanawake walikuwa wamekimbilia porini kwa hofu, hakuwatafuta. Akajenga kwa siku nne, daraja imara hata leo analisifia. Mvua ikanyesha, daraja likasimama wima, na mto ukarudi kwenye njia yake ya kale, hatua mia mbili pembeni, ukaikata barabara. Gari la majeruhi likafika likakuta maji. Ndani alikuwamo Koplo Ahmadi, kijana wa Kilangala, aliyejeruhiwa paja. Alifia pale ukingoni, akilitazama daraja zima lisilofika popote. Wiki mbili baadaye bibi mmoja alitoka porini akamwambia kwa mkalimani kwamba pale palipokatika ndipo alipokuwa akilima mpunga, na kila mtu anajua mpunga hustawi pale mto ulipolala zamani.

Kila mwaka, mwezi wa nane, Kapteni huenda Kilangala kuwaamkia watu wa marehemu. Ofisini tulizoea kuandika kwamba yuko ukaguzi.

Aliacha jeshi akiwa na cheo cha Kapteni, akaingia chuoni kusomea ujenzi akiwa mzee kuliko baadhi ya walimu wake wasaidizi, na Oktoba 1996 akaripoti kwetu na filimbi ya jeshi shingoni. Filimbi hiyo bado ipo. Mafundi wa zege wanasema wameisikia hata ndotoni. Alipokwenda Songo Songo kukagua gati, alitembea mbele na nyuma ndani ya boti mpaka nahodha akamwambia achague moja, kukaa au kuogelea. Alikaa, na akarudi analalamika magoti. Barabara ya Kipatimu aliipima kwa miguu mara tatu, na makalvati aliyoweka kwenye ile miteremko hayajahama.

Lakini urithi wake mkubwa ni karatasi, Fomu Namba Saba. Hakuna daraja linalochorwa ofisini kwetu kabla fomu hiyo haijajazwa, na mstari wake wa mwisho unataka jina la mama wa bondeni aliyeulizwa: mto ulipita wapi kabla hujazaliwa? Si mwenyekiti wa kijiji, si wazee wa barazani. Mwanamke anayelima mpunga bondeni. Na daraja likishakamilika, Kapteni mwenyewe humrudia mama huyo na doti ya kanga, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Nimehesabu majina thelathini na saba katika fomu hizo. Thelathini na sita ni ya kweli.

Sasa nafika kwenye barua, na hapa siwezi tena kuandika kama mtu anayetazama kwa mbali. Mimi ni Fauzia Mnonjela, msaidizi wake kwa miaka tisa, na daraja la Mto Namkonge ni mchoro wangu.

Nilikwenda kupima Namkonge mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani. Jua lilikuwa kali, nimefunga, koo limekauka. Niliwakuta wazee wanne barazani kwa msikiti baada ya Alasiri, wakaniambia mto ule haujawahi kuhama. Niliuliza wanawake wako wapi. Wakanionyesha ng'ambo ya bonde, kwenye madungu, vile vichanja vya kulindia shamba, wanaamia ndege wasile mpunga. Ilikuwa mwendo wa saa nzima kwenye tope. Mzee mmoja akasema, 'Hata ukienda kwa Bi Kidawa, mwanangu, atakwambia haya haya.' Nikajiambia penye wazee haliharibiki neno. Nikatoa fomu, nikaandika: Bi Kidawa, mkulima, anasema mto haujahama. Kisha nikapanda gari nikawahi futari.

Kapteni alisaini, kwa sababu jina lilikuwepo, na kwa sababu aliniamini. Daraja likajengwa, zuri, nguzo mbili, na upande wa kusini tukainua tuta refu la kuingilia, lisilo na tundu hata moja. Januari mwaka huu lilikamilika. Siku ya uzinduzi ikapangwa, utepe ukanunuliwa, na Kapteni akachukua doti ya kanga akavuka bonde kwenda kumshukuru Bi Kidawa.

Bi Kidawa, mama wa miaka themanini na kitu, alizipokea kanga kwa mikono miwili, akazikunjua, akazisoma maneno yake, akauliza ni za nini. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza lolote. Alipoulizwa siku hiyo ndipo akamwonyesha Kapteni shamba lake, pale pale ambapo baba yake alikuwa akivua kambare. Tuta langu lilikuwa limepita katikati ya shamba hilo. Nilikuwa nimeuziba mto wa zamani kama mtu anayeziba mlango wa nyumba ambayo mwenyewe yuko safarini.

Zilikuwa zimebaki wiki nane kufika masika, na wiki kumi na tatu kufika leo. Angeweza kukata utepe, akala pilau la uzinduzi, akaenda kwake. Badala yake aliandika kukataa kulipokea daraja, akaahirisha uzinduzi wageni wakiwa wamekwisha alikwa, akamrudisha mkandarasi kazini na kulipasua tuta jipya ili kuweka makalvati sita makubwa ya kupitisha maji. Wakubwa walikasirika, na walikuwa na haki ya kuuliza kosa ni la nani. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: kosa ni langu, nilisaini bila kwenda bondeni. Tarehe 9 Februari barua ya onyo ikaja, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya cheti cha utumishi uliotukuka, kile kinachotolewa kesho, Mei Mosi.

Nilimfuata siku ile ile. Nilitaka anikaripie, maana karipio lake nalijua, ni kali lakini hupita. Aliniambia tu, huku akitembea, kwamba ofisa hasemi askari wangu kakosea. Kisha akanipa doti nyingine ya kanga, akaniamuru niende nikamwamkie Bi Kidawa.

Nilikwenda kwa miguu, saa nzima ya tope niliyoikimbia. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha juu ya mkeka, akanipa maji. Nilipomaliza kueleza akasema, 'Jina langu ulilichukua bila hodi, mwanangu.' Basi. Akaanza kuniuliza habari za mama yangu. Mpaka leo sijapata karipio jingine, na sijalala vizuri.

Machi yote Kapteni alikuwa kule bondeni na mafundi, filimbi mdomoni. Kalvati la sita lilifukiwa tarehe 4 Aprili. Tarehe 10 ikaanza mvua ya siku mbili mfululizo, na Jumapili asubuhi, wengine wakiwa misa ya kwanza, tulimkuta amesimama juu ya tuta la kusini na fimbo ya kupimia, maji yanamchuruzika kutoka kofiani. Namkonge ilikuwa imejaa. Maji mengi yalipita darajani, na mengine, kama theluthi hivi, yaligeuka kusini yakaifuata njia ya baba yake Bi Kidawa, yakafika kwenye tuta, yakaingia kwenye makalvati, yakatokea upande wa pili. Tuta lilitetemeka kidogo chini ya nyayo zetu, likatulia.

Saa nne likaja gari la wagonjwa kutoka zahanati ya ng'ambo. Lilipunguza mwendo, likapita juu ya tuta, likapita juu ya daraja, likaondoka. Ndani alikuwamo nani hatukujua. Kapteni Mbonde, ambaye sijawahi kumwona akifanya hivyo katika miaka yote tisa, alibana visigino kwenye tope akalipigia saluti mpaka likapotea kwenye kona. Nilikuwa nyuma yake, nikalia waziwazi, na mvua ikanisitiri.

Kapteni, naijua tabia yako, wakati huu umekwisha kuja mbele kuifuata karatasi hii mkononi mwa mshereheshaji uifiche. Umechelewa, zimechapwa nakala mia na hamsini. Barua yangu nayo ipo mezani kwa mkuu wa ofisi tangu Jumatatu. Ndani yake nimeambatisha Fomu Namba Saba ya Namkonge, na chini ya mstari ule wa mwisho nimeandika kwa mkono wangu kwamba sikumwuliza. Nimeomba barua ya onyo ya tarehe 9 Februari itolewe kwenye jalada la Xaveri Mbonde iwekwe kwenye langu. Nimeambiwa kuanzia Jumatatu ijayo nikaimu nafasi yako. Nimejibu kwamba nitasubiri kwanza waamue kama nastahili hata hii niliyo nayo. Fomu yako mpya, ya mto utakaofuata, nitaijaza mimi au mwingine, lakini itajazwa bondeni.

Kwa Mama Rosalia, mkewe, tunashukuru kwa kisamvu cha miaka yote hiyo, na tunakupa pole mapema. Tumesikia mumeo tayari amehamisha jiko mara mbili na amechimba mfereji kuzunguka nyumba isiyoingia maji. Mpe shamba la mikorosho lote, na ukiweza la jirani.

Kamati ilitaka kumzawadia kiti kirefu cha kujinyoosha. Wafanyakazi tulikataa kwa kauli moja, tumemnunulia mabuti ya mvua.

Ahsante, Kapteni, kwa kila tuta na kila kalvati, na kwa watu wanaovuka bila kujua jina lako. Mungu akupe afya na magoti yasiyolalamika, na maisha yako ya mbele yawe mema kuliko yote tuliyoyaona. Bi Kidawa ameletwa na gari la ofisi. Amekaa safu ya kwanza na kanga zako, zile za kwanza, na kesho, cheti chako kitajwe kisitajwe, amesema atasimama kwa heshima yako. Safari hii nilimpigia hodi kwanza, nikamwuliza kama naweza kuliandika jina lake, akaniruhusu.