Barafu ya Jaribio la Arobaini na Moja

Hivi wewe, ukikaa benchi moja na mtu kila asubuhi kwa miaka kumi na tano, kahawa yenu ya duka moja, upepo wenu mmoja wa ziwani, utashindwaje kumwambia jambo moja tu? Usijibu haraka. Ludvik Zupancic angekwambia inawezekana, tena bila taabu, mradi uwe na ndege. Benchi lenyewe liko mbele ya duka la donati la Halina, ng'ambo ya geti la Kituo cha majaribio ya ndege, na ndege zinazotua uwanja wa jirani hupita juu yake chini mno, kiasi cha mtu kuhesabu matairi. Ikipita, kila mtu hunyamaza na neno lake mdomoni, halafu huendelea palepale alipokatishwa. Ludvik ndiye pekee asiyenyamaza. Midomo yake huendelea kucheza ndani ya ngurumo ile, na wenzake walishaamua zamani kwamba mzee anasali.

Hakuwa anasali.

Asubuhi hiyo ya Machi walikuwa wanne, wote wastaafu wa Kituo, miguu yao kwenye theluji iliyogeuka tope la kijivu. Cornelius Tate waliyemwita Mvua alikuwa mtu wa koki. Katika handaki la barafu, bawa la ndege hufungwa imara, feni ikapuliza hewa ya baridi, maji yakanyunyizwa, na barafu ikaota juu ya bawa kama inavyoota mawinguni, ili wakubwa wajue ndege itavumilia kiasi gani kabla ya kuanguka. Maji hayo aliyafungua Mvua. Feni ikizimwa, alikuwa anaingia Ludvik na koti lake zito, anaikata barafu kwa bamba la shaba lililopashwa moto, anachomeka kipande cha kadibodi kwenye ule mkato na kuizungushia penseli. Wakamwita Kadibodi. Barafu ikishayeyuka, mstari wa penseli ndio unaobaki kuwa ukweli. Ndio unaokwenda vitabuni. Geraldine, aliyekaa kwenye simu za Kituo miaka thelathini na kusikia kila kitu, alikuwa Redio. Thaddeus, fundi wa feni, aliitwa Profesa tangu siku aliposoma makala moja hadi mwisho.

Mada ilikuwa ileile ya siku zote: jaribio la arobaini na moja, Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, miaka ishirini na sita iliyopita. Mchoro wa siku ile ulionyesha barafu yenye pembe mbili, nzuri kama za kondoo dume, na hakuna aliyewahi kuipata tena. Picha zilitoka ukungu mtupu. Wakubwa walipoirudia wakashindwa, walilitafuta kosa kwenye maji, maana maji yana mtu wa kulaumiwa. Mvua akaondolewa kwenye koki, akapelekwa stoo kugawa glavu na skrubu kwa miaka kumi na moja, hadi siku walipomkatia keki ya kustaafu. Jina lake kwenye keki lilikosewa.

Sasa Redio alikuwa na habari mpya, na alivyo Redio, aliitangaza kabla hajafungua kifuniko cha kahawa. Yule binti mhandisi, Quintero, amelirudia tena jaribio lile kwa ajili ya ndege mpya. Ripoti yake inafungwa leo saa sita mchana. Wakubwa wamekwisha kumwandikia sentensi ya sababu: mwendesha maji alizidisha. Ikishapigwa muhuri, ndiyo hiyo hadi wajukuu.

Mvua alitoa daftari dogo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kila mtu benchini alilijua daftari lile. Koki zote za Ijumaa ile zimo humo kwa mkono wake, dakika kwa dakika.

— Ilikuwa treni, akasema Redio. Ile ya mizigo ya mchana. Inanitikisa hadi meno, sembuse bawa.

— Meno yako hayajafungwa kwa skrubu, bibie, akasema Profesa. Bawa limefungwa.

— Yamefungwa. Muulize daktari wangu.

Profesa akaeleza, kwa upole wa mtu anayejua hataeleweka, kwamba treni haihusiki. Mwaka ule ziwa lilivamiwa na kome, na kome hutoa ute. Ute ukiingia majini, barafu inaota inavyotaka. Redio alitaka kujua kwa nini basi kahawa ya Halina haijawahi kuota pembe. Profesa akasema hilo ni jambo la mvuto wa sumaku, kwani ncha ya dunia inahama kila mwaka na maji yanaihisi kabla yetu.

— Maji yanahisi.

— Wewe mwenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, Geraldine.

— Ndiyo maana nakuhisi unavyozeeka vibaya.

Redio akaongeza, na sasa sauti ilishuka, kwamba bawa lile lilitoka kwenye ndege iliyoanguka na watu ndani yake, na vitu vya namna hiyo havisahau. Profesa alikubali nusu. Si bawa, alisema, ni zege la handaki. Zege lina kumbukumbu. Lilikumbuka barafu ya jaribio jingine likairudisha siku ile.

Kwa kawaida hapo Mvua huwa anacheka na kuwaambia wamwagiwe maji baridi wote wawili. Leo hakucheka. Alikuwa anafungua daftari, anafunga, anafungua.

— Ludvik, akasema. Wewe hujawahi kutoa nadharia yako. Miaka yote hii.

Ludvik alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, na bado alikumbuka harufu ya handaki siku ile: shaba ya moto na sufu iliyolowa. Mwenzake alitoka nje kupasha vidole. Alibaki peke yake na bawa, na kwenye kipaza sauti watu wa chumba cha mitambo walikuwa wanaulizana nani ana gari la kwenda stesheni. Akafungua mdomo kumjibu Mvua. Ndege ikaja kutoka ziwani, na ndani ya ngurumo yake alisema yote, kama alivyoyasema mara elfu. Ilipopita, Mvua alikuwa bado anamtazama, anasubiri.

— Sijui, Ludvik akasema.

Geti la Kituo lilifunguka. Msichana wa kimo kifupi alivuka barabara bila kofia, na begi pana bapa kwapani. Marisol Quintero aliwasalimia kila mmoja kwa jina, akamuomba radhi Mzee Tate kwa kumfuata kahawani, na akatoa kwenye begi kipande cha kadibodi kilichogeuka rangi ya chai. Zile pembe mbili zilikuwa bado zimesimama. Pembeni palikuwa na herufi mbili: L.Z.

Akaeleza kwa ufupi. Wiki hii ameijaribu mara tatu, kwa koki zilezile, baridi ileile, na mashine inayosoma barafu kwa mwanga bila kuigusa. Mara zote imetoka laini kama kipara. Ameongeza maji hadi mwisho wa koki, ikawa kubwa tu, bado kipara. Ile sentensi ya wakubwa haimkai. Profesa alianza kumweleza habari za zege, naye akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea pale benchini.

— Nina swali moja tu, akasema. Ukiacha huu mchoro, nani aliiona barafu hii kwa macho yake?

Profesa alikuwa kwenye feni, ghorofa ya chini. Redio alikuwa kwenye simu. Mvua alikuwa anatazama mishale ya mitambo. Tangu lini mtu wa koki akaiona barafu? Wakatazamana. Miaka ishirini na sita ya nadharia, na hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

— Nipe kalamu, binti, akasema Mvua.

— Mzee Tate, si lazima.

— Nipe. Mwaka wa kwanza nilikuwa na uhakika. Wa kumi nilikuwa na daftari. Siku hizi natoka nyumbani narudi mara mbili kuangalia kama nimezima jiko, na mara ya pili nalikuta linawaka. Mtu wa namna hiyo anabishana na nani? Andika mkono uliteleza. Nitatia sahihi, nipumzike.

Akainuka kwa tabu, akaliweka daftari juu ya pipa la taka, katikati ya vikombe vya karatasi na makombo ya donati. Hakulitupa. Aliliweka tu pale, kama mtu anayemwachia mwingine afanye. Marisol alikuwa na kalamu mkononi na hakuitoa.

Ludvik alisimama. Alilichukua daftari, akalipangusa kwa mkono wa koti lake, akamrudishia Mvua kifuani na kuushika ule mkono uliotaka kalamu. Juu ya ziwa, ngurumo ilikuwa inakuja. Midomo yake ilifunguka yenyewe, kwa mazoea. Akaifunga. Ndege ikapita, matairi nje, kubwa kama nyumba, na kwa mara ya kwanza wote wanne walinyamaza pamoja. Akangoja hadi ikagusa ardhi ng'ambo ya uzio, hadi sauti yake ikaisha kabisa, hadi ikasikika mashine ya kahawa ya Halina ndani ya duka.

— Maji yako yalikuwa sawa, Cornelius. Niliigusa barafu kwa bamba ikadondoka, ikavunjika sakafuni kabla sijaweka penseli. Ilitakiwa tuanze upya, kazi ya saa nne nzima, na kila mtu alikuwa ameshavaa koti la kwenda nyumbani. Zile pembe nilizitoa kichwani.